Konda Hutaja Nauli Mlangoni

Kabla hujafungua duka la mtandaoni, kabla hujalipia tangazo wala kutafuta binti mwenye sauti nzuri wa kukutangazia madera, nenda kasimame kituo cha daladala kwa nusu saa. Nenda jioni, na ukiweza nenda siku ya mvua. Hiyo ndiyo shule ya kwanza ya biashara ya mtandaoni, na haina ada.

Utamwona konda ananing'inia mlangoni, shati limelowa, sauti imemkauka. Daladala nyingi zimekatisha ruti, watu wamejaa kituoni, naye anajua kwamba saa hii ana nguvu kuliko abiria. Anapandisha nauli. Ni kosa, na abiria wanamwambia ni kosa, tena kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Lakini sikiliza anavyoipandisha: "Mbagala buku! Buku! Kama huna buku usipande!" Anaitaja mlangoni, kwa sauti, kabla hujaweka mguu kwenye ngazi. Anayepanda amepanda akijua. Konda huyu anayevunja agizo la LATRA, mamlaka inayopanga nauli, mbele ya watu wote hangoji mfike Mtoni kwa Azizi Ali ndipo akwambie kuna hela ya kiti, hela ya dirisha na hela ya mvua.

Maduka mengi ya mtandaoni hayajafika hata hapo alipo konda.

Ramadhani moja niliagiza seti ya hotpoti tatu. Tangazo lilisema shilingi 45,000, picha inang'aa, maua mekundu ubavuni. Nikaweka kikapuni. Ukurasa wa kwanza ukataka jina, wa pili namba ya simu, wa tatu mtaa. Nikaandika hadi "nyuma ya msikiti, geti la bluu, mbwa amefungwa". Wa nne ukaniambia usafirishaji ni 9,000. Nikameza mate. Wa tano ukaleta ufungashaji 2,500 na ada ya huduma 1,500. Imeshafika 58,000, kidole kiko juu ya kitufe cha kijani, na kesho nina wageni wa futari. Nikalipa. Jioni boda akafika getini, boksi limefungwa kwa raba nyuma ya pikipiki, akazima injini, akasema kwa upole wa mtu aliyetumwa: "Mama, lokesheni imezidi, utaniongezea elfu mbili."

Elfu sitini kamili. Hotpoti zenyewe sina neno nazo. Wali wa futari unakaa wa moto hadi daku. Lakini kila nikifunua kifuniko naiona ile elfu kumi na tano inapanda na mvuke, na duka lile sijarudi tena. Wangeniambia sitini tangu mwanzo ningenunua, na wiki iliyofuata ningerudi kutafuta jagi la maua hayohayo. Kilichonikimbiza ni kule kuvutwa hatua kwa hatua kama mbuzi anayeonyeshwa jani.

Ukitoka kituoni, pita sokoni. Ukinunua dagaa kwa kopo au nyanya kwa fungu, mkishapatana bei kuna kitu kimoja tu kinachoruhusiwa kuongezeka, nacho kinaongezeka upande wako. Muuzaji anachota kiganja kingine cha dagaa anakutilia. Usipopewa unadai: "Mama, nyongeza yangu?" Anaweza kununa, akalalamika kwamba biashara imekuwa ngumu, akakupa nyanya moja iliyobonyea, lakini sijaona muuza nyanya aliyepokea hela, akafunga mzigo, kisha akaushika tena na kusema kuna ada ya fungu na ada ya kuinama. Hata mfuko, ambao tangu plastiki ipigwe marufuku Tanzania Juni 2019 tunaununua, kijana wa mifuko anapita na bei yake mdomoni: mia mbili, mia mbili. Bei ikishatajwa, nyongeza ni ya mteja. Duka la mtandaoni limeipindua sheria hii: bei ikishakubaliwa, nyongeza inatoka mfukoni kwa mteja. Mwongozo huu ni wa kuirudisha nyongeza kwa mwenyewe.

Haya, kaa chini, shika kalamu.

Swali lako la kwanza kwa mteja liwe "Upo wapi?" Wauzaji wengi hawafichi nauli kwa ubaya, hawaijui. Mzigo uko Kariakoo, mteja anaweza kuwa Sinza, anaweza kuwa Bunju, anaweza kuwa Chanika ambako masika boda anavua viatu. Anaweza kuwa Kigamboni, na Kigamboni kuna pantoni ya kulipia au Daraja la Nyerere lililofunguliwa 2016, nalo ni la kulipia pia, kwenda na kurudi. Basi muuzaji asiyejua mteja yuko wapi anaona afadhali anyamaze, auze kwanza, ya nauli yatajulikana mbele. Hayo ya mbele ndiyo yanayogeuka ugomvi getini.

Dawa yake ni jioni moja na karatasi moja. Mwite boda unayemwamini, mnunulie chai na chapati mbili, mpange mji. Hapa na hapa ni bei moja, kuvuka hapa ni bei nyingine, ng'ambo ya maji ni ya tatu, mwisho wa lami ni ya nne. Mwulize na habari ya kurudi, kwa sababu akitoka Bunju bila abiria, hayo mafuta nayo ni yako. Ukimaliza una kanda nne tano ambazo unaweza kuziandika palepale ilipo bei ya dera, bila kumwomba mtu aingie inboksi. Na kama Sinza na Mwenge zinapishana kwa mia tano, zipe bei moja. Usimsumbue mteja kwa mia tano ambayo wewe mwenyewe ungeisahau mfukoni mwa suruali.

Jambo hili liliwahi kuisumbua posta ya Uingereza. Kabla ya 1840 aliyepokea barua ndiye mara nyingi aliyeilipia, na malipo yalipanda kwa umbali na kwa idadi ya karatasi. Tarishi anagonga mlango, anataja hela, mwenye nyumba anaikataa barua, tarishi anarudi nayo. Wengine wakabuni alama za kuweka juu ya barua, ili ndugu aitazame tu, ajue wote wazima, kisha aikatae bila kulipa. Mwingereza mmoja, Rowland Hill, aliandika kijitabu mwaka 1837 akaonyesha kwamba gharama ya kuisafirisha barua yenyewe ni ndogo; kinachokula hela ni kuhesabu kila barua upya na kumfuata kila mtu mlangoni. Ndipo ikaja bei moja ya peni kwa barua isiyozidi nusu aunsi, iwe inakwenda karibu au mbali, inalipwa mwanzo, na stempu inabandikwa kama ushahidi. Stempu hiyo ya kwanza ilianza kutumika rasmi tarehe 6 Mei 1840. Boda wangu wa hotpoti, na ile elfu mbili yake, alikuwa bado anafanya kazi ya tarishi wa mwaka 1839.

Anwani za makazi nazo zimetusogeza. Operesheni ya mwaka 2022 imetuwekea vibao vya mitaa na namba za nyumba, ingawa wengi wetu bado tunaelekezana kwa duka la Mangi na mwembe uliokatwa. Pokea namba, pokea lokesheni, pokea na mwembe. Lakini ukishapokea na kutaja nauli, basi umeitaja. Boda akipotea, akizunguka, akikuta barabara imechimbwa, tofauti hiyo ni yako wewe mwenye duka. Mteja aliyesimama getini na khanga begani, jirani zake wanachungulia, asiwekwe katika mapatano ambayo hakuyaanza.

Mteja wa mkoani anahitaji uaminifu zaidi, kwa kuwa hawezi hata kuja kukugombeza. Mzigo wa Mwanza una gharama tatu na wauzaji wengi hutaja moja. Kuna boda wa kuutoa Kariakoo hadi Kituo cha Magufuli kule Mbezi Luis au ofisi ya basi Shekilango. Kuna hela ya basi, ambayo karani hukadiria kwa jicho: anaunyanyua mzigo, anautikisa, anautazama uso wako, anasema elfu kumi. Kuna na mwisho wa safari, mteja anapoufuata stendi ya Nyegezi alfajiri kwa bajaji yake. Hilo la tatu si lazima ulilipe, lakini liseme: "Bei hii inafika Nyegezi, kutoka Nyegezi mpaka kwako ni juu yako." Kusema "juu yako" si dhambi, dhambi ni kungoja mtu ameshatuma hela. Mtumie na picha ya risiti ya basi, ionekane namba ya gari na simu ya ofisi. Picha hiyo humpa usingizi mtu aliyeko kilomita elfu moja kutoka kwako.

Kwa mnaoagizia watu mizigo kutoka Guangzhou au Dubai, naomba mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo nimeona watu wazima wakilia. Mzigo wa ndege hupimwa mara mbili, kwenye mizani na kwa futi kamba. Urefu, upana na kimo kwa sentimita huzidishwa, kisha hugawanywa kwa 6,000 katika mzigo wa kawaida wa ndege, au kwa 5,000 kwa kampuni nyingi za vifurushi, na uzito utakaozidi kati ya ule wa mizani na huu wa hesabu ndio unaolipiwa. Chukua boksi la mito ya kulalia, sentimita 60 kwa 50 kwa 40. Mizani inasema kilo tano. Hesabu inasema 120,000 kugawanya kwa 6,000, kilo ishirini. Kwa 5,000 inafika ishirini na nne. Mteja wako alisoma "kilo moja shilingi kadhaa", akapiga mara tano, akaweka akiba yake ya tano. Siku mzigo unafika anaambiwa ishirini. Hakuna aliyemdanganya kwa neno hata moja, na bado ameibiwa imani. Mzigo wa melini una kipimo chake, meta za ujazo, kile tunachokiita sibiemu, na ushuru wa forodha una siku yake. Basi piga hesabu hiyo kabla hujaweka picha ya mito, uandike chini yake: huu ni mzigo mwepesi unaokula nafasi, hesabu ni kilo ishirini. Utapoteza wateja wachache siku hiyo. Wale wengine hawatakuja kulia ofisini kwako.

Sasa tuje kwenye neno tamu lililogeuzwa kuwa shoka: "Weka na ya kutolea."

Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, kutuma hela kuna ncha mbili. Anayetuma anakatwa, na anayekwenda kuitoa kwa wakala naye anakatwa. Watu wakabuni adabu yao. Ukimtumia mama elfu hamsini, unaongeza na ya kutolea, ili akifika kwa wakala ahesabiwe hamsini nzima mkononi, asipungukiwe hata jero. Hakuna benki iliyoandika utaratibu huo. Ni heshima ya mtoto kwa mzazi, na mimi kila nikiituma ile ya kutolea huwa namwona mama anahesabu noti mara mbili na kuzifunga kwenye pindo la khanga.

Mfanyabiashara ameichukua heshima hiyo akaifanya ankara. Kiatu elfu thelathini, "na ya kutolea, kipenzi". Kwa nini? Mimi nimenunua kiatu, yeye ameuza kiatu, na hela akiipata anaweza kuilipia mzigo au luku ya nyumbani bila kuitoa hata kidogo. Kutoa hela kwa wakala ni gharama ya biashara yake, kama vile kodi ya fremu na mshahara wa binti wa dukani. Chukua lipa namba, ndugu muuzaji. Iliwekwa kwa kazi hiyo. Na kama huna, basi ya kutolea iingize ndani ya thelathini tangu mwanzo, useme thelathini na moja, watu tutakuelewa.

Usidhani mteja haoni hela ndogo. Tozo za miamala zilipoanza Tanzania Julai 2021, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala mmoja kulingana na kiasi, watu ambao hawajawahi kusoma ujumbe wa simu hadi mwisho walianza kuusoma hadi mwisho. Walihesabu makato vijiweni, kwenye misiba, ndani ya bajaji. Serikali yenyewe ilisikia kelele ikapunguza asilimia 30 mwezi Septemba. Baada ya darasa lile, mteja wa Tanzania ana jicho la karani wa basi. Majirani zetu Kenya walipita njia nyingine: mwaka 2016 Mamlaka ya Ushindani iliziagiza kampuni za simu na benki zimwonyeshe mteja gharama ya muamala kabla hajathibitisha. Kabla, si baada. Ni agizo la sentensi moja, na ndilo ningelibandika juu ya kila duka la mtandaoni Afrika Mashariki.

Ada zisizo na kazi ziue leo jioni. Ada ya huduma: huduma gani, na ile niliyoilipia kwenye bei ilikuwa nini? Ada ya kushughulikia oda: ulitaka nikuletee oda isiyoshughulikiwa? Ufungashaji 2,500, na boksi lenyewe limekuja na nembo ya kiwanda cha biskuti. Kama kweli umefunga glasi kwa sponji na gazeti na kamba, sema umefunga glasi kwa sponji na gazeti na kamba, nitakulipa kwa moyo mmoja. Ada ambayo ukimweleza mama yako kwa sentensi moja haelewi, haistahili kumfikia mteja.

Lazima niseme na lile lisilonifurahisha. Kuficha kunalipa, angalau siku ile. StubHub, soko la tiketi la Marekani, lilikuwa limeanza kuonyesha bei kamili mwaka 2014. Mwaka 2015 likafanya jaribio: wateja wengine wakaonyeshwa ada tangu mwanzo, wengine wakaonyeshwa mwishoni kabisa. Wachumi walioichambua data hiyo waliandika kwamba walioonyeshwa mwishoni walitumia pesa zaidi kwa asilimia 21 hivi, na hata wateja wazoefu walinaswa. Kampuni ikarudi kwenye kuficha. Basi anayekuambia kwamba uaminifu siku zote huongeza mauzo ya leo, mwulize amesoma wapi.

Kwa upande wa pili, taasisi ya Baymard ya Denmark, inayofuatilia mambo ya ununuzi mtandaoni, inaonyesha kwamba vikapu kama asilimia 70 huachwa bila kulipiwa, na wanunuzi wa Marekani wakiulizwa sababu, ukiwaacha waliokuwa wakitazama tu, inayotajwa kuliko zote ni gharama za ziada: usafirishaji, kodi, ada. Habari hizi mbili hazipingani. Tiketi ya tamasha ni moja, ukumbi ni mmoja, na ukishamwahidi mwanao kumpeleka, umenaswa. Utalipa huku unalaani. Wewe unauza dera. Dera lilelile liko fremu ya tatu kutoka kwako, na picha yake iko kwenye simu za watu wengine mia. Mteja wako hana tamasha la kuwahi, ana kidole tu, nacho ni chepesi. Tena anakaa mtaa mmoja na shemeji yake, wako kwenye kikundi kimoja cha kufa na kuzikana, na sauti yake ya dakika mbili ikiingia kwenye kikundi hicho, hakuna tangazo litakaloifuta.

Lakini naelewa kilio cha muuzaji mkweli. Yeye anaandika 25,000 pamoja na nauli, jirani yake anaandika 18,000 na kuficha nauli ya 9,000 uani, na mteja anayepitisha macho haraka anaona 18 kisha anaona 25. Mkweli anaonekana ghali. Hapo ndipo kujitegemea kwa muuzaji mmoja mmoja kunapofika mwisho na sheria inapotakiwa. Afrika Kusini iliandika tangu 2002 kwamba anayeuza kwa njia ya kielektroniki ataje bei kamili pamoja na usafirishaji, kodi na ada nyingine. Katika Umoja wa Ulaya, tangu 2014, gharama ya ziada ambayo mteja hakuambiwa kabla ya kuagiza, hailipi. Uingereza ilianza kukataza bei za kudondosha kidogo kidogo Aprili 2025, na mwezi uliofuata Marekani ikaanza kuzilazimisha tiketi za matamasha na nyumba za kulala wageni zitajwe kwa bei kamili, miaka kumi baada ya lile jaribio la StubHub. Nataka tuwe na jambo hili kwetu pia, likiwa na meno, na nataka wauzaji wakweli ndio wawe wa kwanza kulidai, kwa sababu ndio wanaoumizwa.

Wakati tukingoja, jifunze kuandika bei. Usiandike "18,000 tu" halafu nauli kwa herufi za sisimizi. Andika kubwa: "Mpaka mlangoni kwako Sinza: 25,000." Kisha chini yake ufafanue: dera 20,000, boda 5,000, hakuna kingine. Jumla itangulie, mchanganuo ufuate. Anayetaka kuja kulichukua mwenyewe dukani ataona anaokoa elfu tano, na wengi watakuja, na wakija watashika na kitambaa kingine. Maneno "hakuna kingine" yaandike tu ikiwa ni kweli.

Kuhusu "usafiri bure", neno langu ni fupi: boda hali upepo. Ufaransa ilipokataza mwaka 2014 kusafirisha bure vitabu vyenye punguzo, ili kulinda maduka madogo ya vitabu, Amazon iliweka senti moja ya yuro, ikawa imetii sheria. Mwaka 2023 ikaletwa nauli ya lazima ya yuro tatu kwa oda ya vitabu isiyofika yuro 35. Wabunge walishajua kwamba bure ya mkubwa hulipwa na mdogo. Ukiweka usafiri ndani ya bei ya dera, sema "bei ina usafiri ndani yake". Ni maneno matano na hayamdanganyi mtu.

Mwisho, kabla ya kulifungua duka, mpe shangazi yako simu. Namaanisha yule shangazi anayeweza kurudi sokoni kwa ajili ya kitunguu kibovu. Mwambie anunue kitu, wewe ukae pembeni, usimsaidie, usimwelekeze, ufunge mdomo. Atavaa miwani, ataishusha hadi ncha ya pua, atalowesha kidole kana kwamba anafunua gazeti. Msikilize.

"Mwanangu, hii elfu mbili nyingine ya nini?"

"Ya kufungasha, shangazi."

"Wanafungashia dhahabu?"

Kila atakapouliza "ya nini", weka alama kwenye karatasi. Halafu rudi dukani kwako ukafute kitu kimoja kwa kila alama, umpe simu tena. Shangazi akifika kwenye kitufe cha kulipa bila kuuliza, fungua duka.

Mimi nauza vitenge siku hizi, mzigo mdogo, wa watu ninaowafahamu na wanaonifahamu. Mwezi uliopita nilimwambia mteja wa Mbezi Beach nauli ni 6,000, akalipa. Kumbe boda alikuwa na mzigo mwingine wa upande huohuo, akanitoza 4,500. Usiku nikamrudishia yule dada 1,500 kwenye simu. Haikupita dakika tano akanipigia, sauti ya mtu anayedhani nimekosea namba.

"Dada, hii elfu moja mia tano ni ya nini?"

"Ni yako. Boda amepunguza."

Akanyamaza kidogo. Nyuma yake nilisikia maji yanamiminwa, na mtoto anaitwa aje kuoga.

"Kile cha kijani chenye tausi," akasema, "bado kipo?"